Jinsi ya kumjua aliyenaswa na kubeti, na ufanyeje kama ni ndugu yako

Mi ni wakala wa kuweka na kutoa hela za simu pale Mbuyuni, Moshi, kwa hiyo mtu akinasa kwenye kubeti nagundua kabla hata mke wake hajajua. Anayebeti kujifurahisha anaweka buku Jumamosi, anaangalia mpira wake, basi. Aliyenasa anakuja asubuhi na elfu tano, nusu saa karudi na elfu kumi, mchana anaomba nimkopeshe na jioni analeta hela ambayo unaona kabisa ni hesabu ya bosi wa bodaboda. Cha kuangalia ni hicho, akiliwa anaacha au anaikimbiza hela yake?

Halafu uongo. Simu inalazwa kifudifudi, ada ya mtoto "imeibiwa stendi", kikoba hajapeleka. Kuna maswali mawili wataalamu wanayatumia, umewahi kujisikia lazima uongeze dau zaidi na zaidi? umewahi kumdanganya mtu wako wa karibu kuhusu hela unayobeti? Akijibu ndio hata kwa moja, fuatilia. Na Shirika la Afya Duniani linauhesabu huu ni ugonjwa, kwa hiyo usianze na "huna akili wewe".

Kuongea naye chagua muda, sio mkeka (timu alizobetia kwa pamoja, moja ikikosea zote zimeliwa) umechanika saa hiyohiyo, na sio kwenye kikao cha ukoo (sisi Wachaga kwa vikao tena!). Mwambie ulichokiona. Mdogo wangu nilimkalisha jikoni nikamwambia dogo, wiki hii umeweka kwangu mara 14, daftari hili hapa. Akanuna siku tatu, ya nne akaja mwenyewe.

Atakwambia "timu moja tu ndo imenichania". Mpigie hesabu, mkeka wa timu 10, hata kila timu iwe na nafasi 70 kwa 100, zote kushinda kwa pamoja ni kama mara 3 tu kwenye mikeka 100. Ila hesabu peke yake haimtoi mtu, usijidanganye.

Kwenye hela ndo sisi tulikosea. Mama alimlipia deni mara mbili, ya pili aliuza ng'ombe, na chalii akaona kumbe kuna mtu wa kumwokoa. Sasa hivi utaratibu ni huu: anaandika madeni YOTE, na mikopo ya simu pia, tukisaidia tunampelekea anayedai moja kwa moja, mkononi hapewi kitu. Laini yake ya hela anashika mama. Akaunti za kubeti aliwapigia kampuni wakamfungia, programu kafuta, magrupu ya tipsi (ya kutabiriana mechi) katoka, na usiku wa mechi za Ulaya namwita aje tufunge hesabu dukani.

Hospitali pia mpeleke, Moshi nenda Mawenzi au KCMC, Arusha ipo Mount Meru, ulizia afya ya akili. Usitegemee kupewa kidonge cha kukata hamu ukamaliza, ni kukaa na mshauri mara nyingi. Ila akianza maneno ya "bora nife" usimwache peke yake hata dakika, mpeleke siku hiyohiyo, madeni yatasubiri.

Na kurudia kupo. Wa kwangu karudia mwezi uliopita, elfu 20, kaenda kuweka kwa wakala mwingine kabisa ili nisione, halafu usiku kaja kunambia mwenyewe.