Somo: Kumjua pomboo na popoisi, ukiwa chomboni au ufukweni

Kwanza lijulikane hili: kuanzia Mkondo wa Pemba hadi Ghuba ya Menai, unayemwona ni pomboo. Popoisi, mnyama wa baharini anayefanana na pomboo, ni ukoo mwengine kabisa, wenye spishi 7 au 8 kwa kutegemea anayehesabu, na hakuna hata moja inayoishi pwani ya Afrika Mashariki. Aliye karibu nasi zaidi ni popoisi asiye na pezi mgongoni, anayepatikana kuanzia Ghuba ya Uajemi hadi Kusini-Mashariki mwa Asia. Basi swali zito kwa kwetu ni "pomboo yupi?"

Hatua ya 1: Pezi la mgongoni. Hili ndilo linalotoka majini mwanzo. La pomboo wengi ni refu na limepinda kuelekea mkiani. La popoisi wengi ni fupi, pembetatu yenye kitako kipana. Kizimkazi kuna pomboo wa aina mbili wanaoonekana mara kwa mara: pua-chupa wa Bahari ya Hindi, na pomboo mwenye nundu, ambaye pezi lake limekaa juu ya kilima kirefu mgongoni na hupenda maji madogo ya karibu na pwani.

Hatua ya 2: Kichwa. Pomboo wengi wana mdomo uliochongoka mbele ya paji. Popoisi kichwa chake ni butu. Lakini usikate shauri kwa kichwa peke yake, maana hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Pomboo wa Risso hana mdomo uliochongoka, na bado ni pomboo: hufika karibu mita 4 na mwili wake umejaa michirizi myeupe. Mtoto wa pomboo naye mdomo wake ni mfupi. Tazama ubavuni mwake kama yupo mama.

Hatua ya 3: Mwendo. Popoisi wengi huibuka kidogo, wakavuta pumzi na kuzama, na wengi wao urefu hauzidi mita 2 na kitu. Anayeruka juu huku akijizungusha mwili mzima ni pomboo mzungukaji, wa maji makubwa.

Hatua ya 4: Meno, kwa aliyekufa. Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko yote. Jino la pomboo ni la mviringo lenye ncha. La popoisi ni bapa, limepanuka juu kama sepetu. Hesabu upande mmoja wa taya moja, kutoka mbele hadi pembe ya mdomo. Pua-chupa wetu ana 23 hadi 29, mwenye nundu kwa kawaida hupita 30, mzungukaji hupita 40. Risso taya ya juu haina kitu, na ya chini ina jozi chache tu mbele. Tahadhari: pomboo mzee meno husagika yakawa butu, mtu akadhani ni bapa. Kagua meno kadhaa, si moja. Yaliyong'oka, hesabu matundu yake.

Urefu upimwe kwa mstari ulionyooka ardhini, kutoka ncha ya taya ya juu hadi kwenye pengo la katikati ya mkia. Ukipitisha kamba juu ya mwili, mviringo wa tumbo huongeza kipimo, hasa maiti ikishavimba. Piga picha za ubavu mzima, kichwa, pezi na meno, na uweke rula pembeni. Vaa glavu, kwani wanyama hawa huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa bruselozi vinavyoambukiza watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Nahodha Mkunguni: Assalamu alaikum maalim. Wageni wakizamia husikia miluzi. Inasaidia kitu?

Jibu: Waalaikumu salaam nahodha. Inasaidia sana. Popoisi hapigi mluzi. Milio yake ni myembamba mno, iko kwenye kiasi cha kilohezi 130 (kipimo cha wembamba wa sauti), na sikio la binadamu hukomea kama kilohezi 20. Mkisikia mluzi, ni pomboo. Msiposikia, msihukumu, huenda amenyamaza tu.

Skuli Nungwi: Wale waliokufa kwa wingi huku kwetu Aprili 2006 walikuwa wepi?

Jibu: Pua-chupa wa Bahari ya Hindi, takriban 400.

Bi Fumba: Akikwama akiwa hai, tufanyeje?

Jibu: Bibi, mlazeni kwa tumbo, mchimbe mashimo mchangani chini ya mapezi ya kifuani yasikunjike. Mfunikeni kanga zilizolowa maji ya bahari na mumtilie kivuli, lakini tundu la pumzi juu ya kichwa liachwe wazi na maji yasiingie. Msimburute kwa mkia, mtamtegua uti. Watu wasimzonge. Mpelekeeni habari sheha na kamati ya uvuvi mara moja.

Mvuvi Makangale: Sisi wa jarife, tofauti hii inatuhusu nini? Wavu unanasa wote.

Jibu: Kweli ami, wavu hauchagui. Wote huvuta pumzi juu, wakinasa chini huzama wakafa. Popoisi wa Ghuba ya California huko Meksiko, vakita, wamebaki kama 10 tu kwa sababu ya nyavu za aina hiyo. Wavuvi wa Pakistani walijaribu kushusha nyavu zao za kuelea mita 2 chini ya uso wa maji, na pomboo walionaswa wakapungua sana. Kwa jarife ni suala la kurefusha kamba za maboya: anzeni na kipande kimoja cha wavu, mlinganishe na vyengine usiku huohuo.