Kupima mazoea ya mwili kwa konokono: jaribio la darasani

Mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Mwanza hahitaji maabara kwa jaribio hili la kuonesha mazoea, yaani jinsi mnyama anavyozidi kupunguza mwitikio wake kwa mguso usiomdhuru unaporudiwa. Konokono mmoja wa nchi kavu, kioo au sahani pana, kijiti chembamba chenye pamba nchani na simu ya kuhesabia sekunde vinatosha.

Konokono mtafute bustanini asubuhi baada ya mvua, chini ya majani ya migomba. Usimchukue ziwani! Kwenye maji mafupi yenye magugu kando ya Ziwa Victoria ndiko waliko konokono wanaoeneza kichocho, na viluwiluwi vya minyoo yake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Hata huyu wa bustanini, ukishamshika nawa kwa sabuni.

Lowanisha kioo, mweke kivulini, usubiri atoe pembe zote na kuanza kutambaa. Gusa kidogo tu ncha ya pembe moja ndefu kwa pamba yenye maji. Ataivuta ndani. Andika sekunde zinazopita hadi ainyooshe tena, ngoja sekunde 10, gusa palepale. Fika mguso wa 20, au ukome mapema asipoivuta mara 3 mfululizo. Kwa kawaida sekunde huzidi kupungua.

Wengi huishia hapo, na kwa maoni yetu hilo ni nusu ya jaribio. Kupungua huko hakujaonesha kama konokono amezoea au pembe imechoka. Piga meza kofi moja karibu naye. Akijificha, msubiri atoke, kisha gusa pembe ileile kwa wepesi uleule. Akiivuta kama mwanzo, msuli haukuwa umechoka. Mwanasayansi wa neva Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia: mguso unaporudiwa, neva ya hisia humwaga kemikali kidogo zaidi kwenye neva inayoendesha msuli.

Sekunde zikiongezeka badala ya kupungua, unagusa kwa nguvu mno, nawe unamtia wasiwasi badala ya kumzoesha. Akikataa kabisa kutoka kwenye gamba, huenda amekauka, mnyunyizie maji. Jenereta inayotikisa meza nayo huvuruga matokeo.

Mpumzishe saa 1, urudie duru nzima. Pembe itavutwa tena, ila mara nyingi safari hii atazoea upesi zaidi. Linganisha namba ya mguso alioacha kuivuta katika kila duru.