Kabla ya Kipindi cha Kwanza cha Mpira wa Wavu: Mambo ya Kuzingatia

Ukiwapanga wanafunzi 45 kwenye kiwanja kimoja cha mpira wa wavu, sita huku na sita kule, watacheza 12 na 33 watakaa pembeni wakipiga soga. Na hao 12 nao, wengi hawataugusa mpira, kwa sababu anayeanzisha atautoa nje, na ule utakaovuka utadondoka bila kupokewa. Dakika 40 zitaisha na mwanafunzi wa kawaida ameugusa mara mbili tatu. Kwa hiyo maandalizi ninayoyashauri hapa yanalenga jambo moja kabla ya mengine yote: kila mtoto auguse mpira mara nyingi kadiri inavyowezekana. Kanuni na vipimo rasmi vina nafasi yake, ila si siku ya kwanza.

Anza na kiwanja. Shule nyingi hazina nguzo za wavu, lakini kiwanja cha netiboli hakikosekani, nacho ni hazina. Kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na magoli yake yamesimama katikati ya mistari ya mwisho, kila moja likiwa na urefu wa mita 3.05. Funga kamba ya manila kutoka goli moja hadi jingine na tayari una wavu wa mita 30, wenye uwanja wa zaidi ya mita saba kila upande. Ugawe vipande vitano vya mita sita sita. Hapo wanacheza wanne kwa wanne kwenye viwanja vitano, yaani wanafunzi 40 kwa mpigo, na watano waliobaki kila mmoja anakuwa mwamuzi wa kiwanja chake. Baada ya muda wanabadilishana.

Kamba ndefu hivyo lazima italegea katikati, kwa hiyo tafuta mapema miti miwili yenye panda ya kuiinua. Ning'iniza vitambaa vya rangi kali kila baada ya hatua moja, la sivyo kila mpira utazua ubishi kama umepita juu au chini. Magoli yakiwa ya kuhamishika, yale yenye kitako cha chuma, usiyatumie kabisa: kamba ikikazwa yanaanguka, na yakianguka yanaangukia mtoto. Chimbia nguzo za miti.

Urefu wa kamba nao unawakosesha wengi. Mita 2.43 za wanaume na 2.24 za wanawake ni vipimo vya watu wazima. Kwa kidato cha kwanza, mwite mwanafunzi wa kimo cha kati asimame chini ya kamba anyooshe mkono juu. Vidole vizidi kamba kidogo. Mara nyingi utajikuta kwenye mita mbili au pungufu, na hakuna ubaya. Wavu ukiwa juu mno, watoto wanajifunza kuurusha mpira kwa nguvu zote wakifumba macho.

Siku utakapohitaji kiwanja kamili, kipimo ni mita 18 kwa 9, mistari yenye upana wa sentimita 5, na mstari wa mashambulizi mita 3 kutoka katikati. Kupata pembe zilizonyooka usitegemee macho. Pima nusu kiwanja, mita 9 kwa 9, kisha pima kutoka kona hadi kona ya mkabala: zote mbili zikitoa mita 12.73, uko sawa. Chora kwa chokaa au majivu. Wapo wanaochimba mistari kwa jembe ili isifutike. Mvua moja tu na mistari inageuka mifereji ya kutegua vifundo. Kama una uhuru wa kuchagua eneo, kiwanja kielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi au la jioni lisimpige mtu usoni anapotazama mpira juu.

Sasa mipira. Mpira halisi wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280. Wa miguu unafika gramu 410 hadi 450, na wa netiboli ni karibu sawa na huo. Ukimpokeza mtoto anayeanza kwa mpira wa miguu, mikono itawaka moto mara tatu za mwanzo, na ya nne atakwepa. Woga huo unachukua muda mrefu kuondoka, wakati mwingine muhula mzima. Kama mipira halisi ni miwili tu, jazia na ile ya plastiki myepesi ya watoto inayouzwa madukani. Inapeperuka kwenye upepo, ni kweli, lakini haiumizi. Hakikisha pampu ipo na sindano yake ipo, na uiloweshe kabla ya kuichomeka. Usijaze mpira hadi uwe mgumu.

Kabla watoto hawajatoka darasani, kagua mikono: pete, bangili, saa na kucha ndefu. Wasichana wanaovaa hijabu wabane kwa kufunga fundo, wasitumie pini. Zunguka kiwanjani uokote mawe na vipande vya chupa. Na weka amri moja ambayo haina mjadala: mpira ukiviringika na kuingia kiwanja cha jirani, yeyote aliyeuona anapaza sauti "Mpira!" na wote pale wanasimama. Ajali mbaya katika mchezo huu hutokea mtu akiruka na kutua juu ya mpira.

Upange pia utaratibu wa stadi. Wanafunzi watadai smashi, ule mpigo wa nguvu wa kuruka na kuuteremsha mpira upande wa pili, maana ndiyo waliyoiona kwenye runinga Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wakicheza Olimpiki. Wakatalie kwa upole. Smashi haiji bila pasi ya pili nzuri, na pasi ya pili haiji kama wa kwanza kuugusa mpira ameshindwa kuupokea. Kwa hiyo anza na pasi ya chini: miguu imeachana, magoti yamekunjwa, viwiko vimenyooka, mpira unagusa sehemu ya mkono juu kidogo ya kifundo. Kosa utakaloliona kwa wengi ni kubembeza mikono kama anayepiga shoka kinyumenyume. Mwambie aitulize mikono, anyanyuke kwa magoti. Inayofuata ni pasi ya juu kwa vidole, na hapo tazama dole gumba. Likielekea mbele, mpira utalitegua. Lielekezwe kwenye paji la uso. Ya tatu ni kuanzisha kwa mkono wa chini, akisimama mita tano au sita kutoka kwenye kamba, asogee nyuma kadiri anavyomudu. Smashi ije wiki za baadaye.

Kuhusu kanuni, jikague mwenyewe kwanza, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa zile za zamani. Bado kuna walimu wanaohesabu pointi kwa upande unaoanzisha peke yake na kumaliza seti kwa 15. Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 tayari ilichezwa kwa utaratibu wa sasa: kila mpira unaokufa ni pointi, seti inaisha kwa 25 kwa tofauti ya pointi mbili, na seti ya tano ndiyo ya 15. Mpira wa kuanzishia ukigusa wavu na kuvuka, mchezo unaendelea. Mpira ukigusa mstari, umo ndani. Mguu unaruhusiwa pia, jambo ambalo nimeliona likizua ugomvi hadi kwenye mechi za walimu. Timu ina miguso mitatu, mtu mmoja haruhusiwi kugusa mara mbili mfululizo, na mguso wa kuzuia kwenye wavu hauhesabiwi miongoni mwa hiyo mitatu. Siku ya kwanza wape watoto mambo matatu tu: miguso mitatu, usishike mpira, mstari ni ndani. Mengine yaingie yanapotokea mchezoni. Yanakaa kichwani vizuri zaidi.

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa miguu asifanywe mtunza matokeo wa kudumu. Kuna mpira wa wavu wa kukaa, unaochezwa kwenye kiwanja cha mita 10 kwa 6 na wavu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, makalio yakibaki chini wakati wa kugusa mpira. Timu ya wanawake ya Rwanda iliucheza kwenye Paralimpiki ya Rio mwaka 2016. Shusha kamba kwenye kipande kimoja kati ya vile vitano, na darasa zima lipite hapo kwa zamu. Wenye miguu mizima watashangaa jinsi kujisogeza kwa mikono kulivyo kazi.

Mwisho, andaa kipindi cha darasani kwa siku ya mvua, hasa ukifundisha mwezi Aprili. Hiyo ndiyo siku ya mzunguko, yaani jinsi wachezaji wanavyohama nafasi, somo ambalo kiwanjani huwachanganya watoto kuliko yote. Namba za nafasi zinahesabiwa kinyume na saa: 1 ni nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 mbele katikati, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto, 6 nyuma katikati. Wachezaji lakini wanazunguka kwa mwendo wa saa, aliye namba 2 akienda namba 1 kuanzisha, na wanazunguka pale tu timu inapoupata mpira wa kuanzishia kutoka kwa wapinzani. Kila dawati lipewe vizibo sita vya soda vilivyoandikwa herufi. Chora kiwanja ubaoni, taja nani kashinda mpira, wao wasogeze vizibo, kisha uliza: herufi gani inaanzisha?