Namna ya Kusoma Maneno ya Wanawake wa Mombasa Mitandaoni
Usianze kwa kuitafuta jinsia katika sarufi, kwa kuwa "yeye" humtaja mwanamume na mwanamke pia. Itafute katika namna ya kuitana. Mwanamke wa Mombasa anapomwandikia mwenzake "shoga yangu" chini ya picha ya Facebook, anatangaza usuhuba wa kike, ingawa msomaji wa bara huenda akalielewa neno hilo kwa maana nyingine kabisa. Kisha kiangalie kitenzi: anayeandika "tumeoana" badala ya "nimeolewa" amejiweka sawa na mumewe, na kwangu mimi chaguo hilo lina uzito mkubwa. Jina la leso, yaani msemo ulioandikwa kwenye kanga, likibandikwa peke yake, soma kwanza mazungumzo yaliyotangulia ili umjue anayelengwa.