Madaraja ya Grand Island: Angalia Anwani Iliyo Katika Usajili wa Gari Lako

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi wameweka makazi Buffalo, jimbo la New York, Marekani, na safari yao ya Niagara Falls kwa barabara ya I-190 hukatiza kisiwa cha Grand Island, kilichoungwa na nchi kavu kwa jozi mbili za madaraja juu ya Mto Niagara. Tozo hutozwa unapoingia kisiwani, na tangu mwaka 2018 hakuna kibanda wala mpokea pesa. Aliyezoea Daraja la Kigamboni, ambako asiyelipa hapiti, atavuka akidhani ni bure. Si bure: kamera husoma namba za gari, na bili hutumwa kwa posta kwa mwenye gari.

Hapo ndipo nilipoumizwa. Bili hufuata anwani iliyo katika usajili wa gari, nami nilipohama niliijulisha posta, ambayo huhamisha barua kwa miezi 12 kisha huacha. Posta na idara ya magari, DMV, hazisomani. Barua ya kwanza kunifikia ilitoka kwa wakusanya madeni, na tozo ndogo ilikuwa imekwishazaa faini, ambayo inaweza kufika dola 50 kwa kila mvuko. Narudia: kuijulisha posta hakutoshi. Sheria ya New York inakutaka uijulishe DMV ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Madeni yakirundikana, usajili husimamishwa, na kuendesha gari la namna hiyo ni kosa la jinai.

Nanyi wageni wetu mnaoazima gari kwenda kuona maporomoko, msirudi mkisema hakuna aliyewasimamisha. Mwambieni mwenyeji mmepita wapi na lini, kwa sababu bili itakuja kwa jina lake. Gari la kukodi nalo huongezewa ada ya kampuni.

Kifaa cha E-ZPass, cha kulipia tozo kielektroniki unapopita, hubandikwa kwenye kioo cha mbele na hupunguza tozo.

Jamii ya huku ni ya haki kwa sehemu kubwa, ila huiamini mno karatasi: ikishatumwa, huhesabiwa kuwa umeisoma, na hakuna jirani wala mjumbe atakayekugongea mlango. Kwa hiyo bili ikichelewa, usiingoje. Ingia kwenye tovuti ya tozo, tafuta kwa namba za gari, ulipe, na uhifadhi risiti.