Mrututu: namna ya kuununua, kuuchanganya na kuutunza

Mteja wa nyanya akija dukani kwangu Mbagala kuulizia mrututu, na mimi namuuliza kama nyumbani ana watoto wadogo. Chenga zake za buluu zinang'aa kama pipi, na mtoto akiziona hasubiri ruhusa.

Mrututu ni salfeti ya shaba. Robo ya uzito wake ni shaba. Chenga zikipauka na kuwa nyeupe, ujue zimepoteza maji tu, sumu iko palepale. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu. Ukifungiwa kwenye gazeti, kataa hata kama bei ni nafuu. Mtu akizidiwa usiku, daktari atataka kujua amekula nini hasa, na gazeti halitamwambia.

Kwa ukungu wa nyanya, mrututu haupigwi peke yake, utaunguza majani. Unachanganywa na chokaa. Millardet, mtaalamu wa mimea, alitangaza mchanganyiko huu huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, kwa ajili ya zabibu, na mpaka leo unatumika. Kwa pampu ya lita 15, pima gramu 150 za mrututu na gramu 150 za chokaa iliyozimwa. Tumia ndoo za plastiki, kwa sababu mrututu unakula chuma na bati. Funga chenga kwenye kitambaa, uzining'inize juu juu ndani ya nusu ya maji na uziache usiku kucha, ndoo ikiwa imefunikwa. Asubuhi koroga chokaa kwenye maji yaliyobaki, chuja, kisha mimina maji ya mrututu kidogo kidogo ndani ya chokaa huku unakoroga.

Hapo chukua msumari safi, uuchovye kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha. Ongeza, upime tena. Chuja mara ya pili ili pua ya pampu isizibe, na upige siku hiyohiyo. Dawa hii inazuia ukungu usiingie. Jani lililokwisha kuoza haliponi.

Vaa glovu, gambuti na miwani. Miwani ndiyo watu wanayoidharau, na macho ndiyo yanayoumia vibaya zaidi. Ukirukiwa, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali. Aliyemeza asilazimishwe kutapika: asukutue mdomo, akimbizwe hospitali pamoja na pakiti. Matapishi yanaweza kuwa ya buluu au kijani. Sumu hii huvunja chembe nyekundu za damu na kuumiza ini na figo, kwa hiyo asiachwe nyumbani hata akisema amepata nafuu.

Na tafadhali, usiutie kwenye kidonda. Wazee wetu wa pwani waliutumia hivyo, lakini shaba hupenya kidondani na kuingia kwenye damu.

Pampu isisuuzwe mtaroni wala karibu na bwawa la perege, kwa kuwa shaba kidogo tu huua samaki. Maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mimea ileile. Mrututu uliobaki ukae kwenye pakiti yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, na usihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.