Mkitaka kukusanya bunduki kijijini, msianze na bunduki

Watu wananiuliza sana kama kunyang'anya silaha kunaweza kumaliza vita na chuki. Kunaweza kusaidia, lakini sio kama hatua ya kwanza, na kama uko kwa kamati ya amani huku kwetu Turkana, Pokot au Karamoja nakuomba usome hii kabla hamjaita baraza.

Kwanza jueni hiyo bunduki inafanya kazi gani pale bomani. Mchungaji analala nayo ubavuni kwa sababu ng'ombe wako hapo hapo nje ya mlango, polisi wako mbali na mtandao hakuna, sasa ukimwambia airudishe umemwambia aache wazi mahari ya kijana wake na maziwa ya watoto. Kabla ya kuuliza ziko ngapi, ulizeni nani atalinda hao ng'ombe kesho usiku, na kama jibu ni "askari wako njiani" basi ahirisheni.

Nasema hivo kwa sababu ya Karamoja. Desemba 2001 serikali ya Museveni kule Uganda iliomba watu warudishe kwa hiari, ikaahidi majembe ya kukokotwa na mabati, na watu walileta kweli, karibu bunduki 10,000, halafu 2002 wanajeshi waliotakiwa kulinda watu wakahamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA, na wale waliorudisha, hasa Wabokora (moja ya jamii za Wakaramojong), wakavamiwa na majirani waliobaki nazo. Mtu ameporwa zizi zima juu ya kutii serikali, kesho unamwambia nini? Anatafuta nyingine tu. Kwa hivo pande zote zirudishe siku moja, hata walio ng'ambo ya mpaka.

Nguvu ndo msiguse kabisa. Februari 1984 Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa operesheni ya jeshi ya kutafuta silaha, wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, walikusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa na wengi wakauawa, na hayo machungu yako mpaka leo.

Mkataba utangulie. Pale Lokiriama, Turkana, 1973 Waturkana na Wamatheniko (Wakaramojong wa upande wa Moroto, Uganda) walikaa chini wakazika silaha pamoja, halafu 1979 Amin alipoanguka Wamatheniko wakaingia kambi ya jeshi Moroto wakabeba bunduki kwa maelfu, na bado ule mkataba umedumu kuliko operesheni yoyote ninayoijua mimi, hadi sasa watu wanarudi pale kila mwaka kuukumbuka. Yaani bunduki ziliongezeka na amani ikakaa.

Kwa mkataba wenu andikeni fidia mapema, kabla mtu hajauawa. Azimio la Modogashe la 2001, mapatano ya amani ya jamii za wafugaji kaskazini mwa Kenya, liliweka mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, hiyo ya nusu mimi siikubali na ningeomba nyinyi mlinganishe, ila bila fidia iliyokubaliwa ndugu wa marehemu atajilipa mwenyewe.

Na muwaite akina mama tangu kikao cha kwanza, wao wanajua ile nzuri imefukiwa wapi wakati mzee analeta mbovu isiyolia. Wajir 1993 walianzia sokoni tu, wakahakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua pale bila kusumbuliwa. Kama soko lenu bado limegawanyika, anzeni hapo wiki hii.